Volti Kumi na Mbili

Nyumba yangu ina magurudumu sita na haina mita.
Zamani ilikuwa lori la chumvi, likitoka Gongoni;
hata leo, gusa ukuta mwezi wa Machi,
ulambe kidole, utajua.
Nimeiegesha Malindi, chini ya mivinje, njia ya Maweni:
kitanda kimoja, jiko la gesi, friji ndogo kama sanduku la mwali,
na rafu ya vyombo vyangu, deki ya kaseti, amplifaya, spika mbili
zilizofungwa kwa mpira wa tyubu zisiruke kwenye matuta.

Watu huniuliza nafanyaje na mbu.
Hawaulizi amplifaya inakula nini.

Inakula. Sola juu ya paa huleta, betri huweka,
friji hudokoa kama mgeni wa siku ya nne,
na kile kiboksi nilichouziwa sokoni, inveta,
huchukua umeme mpole wa betri, huupinda, huuchapa,
huuvisha suti ya umeme wa mjini.
Nao hulalamika. Mmmmm, ndani ya kila spika.
Miezi minne nimemsikiliza bibi yangu, Bi Shumi,
kama mtu anayezungumzia mzingani, kati ya nyuki.

Mbeyu alikuja kwa pikipiki, koleo kiunoni.
Akalala chali chini ya rafu, tochi mdomoni,
akaitoa tochi ili anicheke vizuri:
“Umeme wa betri unaugeuza wa ukutani,
halafu deki yako inaugeuza tena wa betri.
Kwani wewe, ukienda Watamu, unapitia Garissa?”

Akaing’oa inveta. Akavuta waya mnene, mwekundu, moja kwa moja,
akatia fyuzi ya ampea kumi jirani na betri
(“gari likiungua, utalala wapi?”).
Kisha akazisaka hasi zangu tatu, kila moja na mahali pake:
moja kwenye bawaba ya mlango,
moja kwenye skrubu iliyoliwa na chumvi,
moja sikumbuki niliifunga lini, wala kwa nini.
Akazikusanya zote kwenye bolti moja,
akaipiga msasa hadi ikang’aa kama jino.
“Ardhi iwe moja. Zikiwa tatu zinagombana,
na ugomvi wao ndio huo unaousikia.”
Chai aliikataa. Alichukua mia sita na nusu ya mkate wa sinia.

Nikabonyeza.
Kimya kilitoka kwanza, kimepetwa, hakina hata wishwa.
Kisha yeye:

    Mwanangu sinalo shamba, wala kiwanja cha mji,
    sina pete ya kupamba, wala duka la mtaji,
    nina ulimi walumba, rithi wewe mhitaji,
    utie ndani ya kanda, ndio mirathi ya kwangu.

Siku zote kanda iliishia hapo, nikaizima, nikijua
kilichobaki ni nyuki.
Leo nyuki hawapo. Bangili zinagongana.
Mtu anameza mate. Halafu mtoto,
sauti nyembamba, pua imeziba:
“Bibi, mawe yanaisha.”

Ni mimi.

Naye, hajakasirika, amegeuza uso kidogo:
“Yaanike.”

Bati la banda la kuku. Mawe sita ya redio
yamelazwa juani kama dagaa,
nami nayageuza ubavu, nayauma kwa meno ya maziwa
kuona kama yamerudiwa na roho.
Yalirudi, nadhani. Dakika tano, kumi.
Zilimtosha kumalizia upande wa pili wa kanda,
ambao sijui uko wapi.

Kipimo kinasoma kumi na moja nukta nane.
Kivuli cha mvinje kimelala juu ya paneli tangu saa nane;
mwenyewe nilikichagua, kwa ajili ya ubaridi.
Nazima friji. Maziwa na yagande.
Naliwasha lori, naliondoa kivulini,
hatua ishirini, hadi pale mchanga unapochoma nyayo,
nazima injini,
naingiza kalamu kwenye tundu la kanda, naizungusha nyuma.